Mikanda Saba ya Volkswagen

Volkswagen ya zamani, ile ya injini nyuma, ikitoka kiwandani katika daraja la juu ilikuwa na mikanda saba ya kung'aa kwenye bodi. Mmoja ulipita katikati ya boneti, na kila ubavu ulikuwa na mitatu: wa mbele ya mlango, wa mlango wenyewe, na wa nyuma ya mlango. Kulikuwa pia na ile ya kwenye vibao vya kukanyagia, lakini hiyo hatukuihesabu, maana ilikufa mapema kwa viatu vya watu. Gari la daraja la chini lilitoka bodi tupu. Kwa hiyo aliyekuja gereji kwetu Gerezani, Dar es Salaam, mwaka 1981, akasema mikanda ni urembo tu, alisema kweli. Haishiki kitu wala haizuii kitu, na gari halipungui mwendo kwa kuikosa. Lakini mimi niliyekuwa saidia fundi wakati ule, na ambaye sasa nimestaafu na miwani yangu, bado nampima fundi bodi kwa jinsi anavyorudisha mikanda. Bati lililonyooshwa vibaya hufichwa na puti. Mkanda uliokaa upande kila mpita njia anauona.

Wasiokuwapo wakati ule wanahitaji kuelezwa hali ilivyokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa Februari mwaka huohuo. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Zamani spea ikikosekana Dar ulimtuma mtu wa basi la Nairobi, na huko Volkswagen ilikuwa gari la heshima: Safari Rally ya 1954, ya 1957 na ya 1962 zote ilizichukua yenyewe. Sasa njia hiyo ilikuwa imekatika. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha juzi tu, mafuta yalikuwa yamepanda bei tangu 1979, na Jumapili mchana gari binafsi hazikuruhusiwa barabarani. Ujerumani nako walikuwa wameacha kuunda gari lile. La mwisho lenye paa la chuma lilitoka kiwanda cha Emden Januari 1978, kazi ikabaki Mexico na nchi nyingine chache. Fedha za kigeni zilitoka kwa kibali. Aliyebahatika kupata kibali aliagiza breki, klachi, bearing. Nani angejaza fomu ya kuomba fedha za kigeni ili anunue klipu za mikanda?

Ndiyo maana miaka ile ungeona Volkswagen nyingi mjini zenye vidoti vya kutu vilivyopangana ubavuni. Vidoti vile ni matundu ya klipu. Mambo yalikwenda hivi: gari linapelekwa kupakwa rangi, saidia fundi mwenye haraka anaing'oa mikanda kwa bisibisi, klipu nusu zinakatika na nusu zinapotelea kwenye mchanga. Gari likishapulizwa, mwenye gari anakabidhiwa fungu la mikanda limefungwa kwa waya, pamoja na ahadi. Matundu nayo yamejazwa puti. Upande wa nyuma wa bati hakuna aliyepapaka chochote, na ndani ya mlango maji ya mvua yanaingia kila siku kupitia kwenye raba ya kioo. Puti inanyonya maji hayo. Ongeza hewa ya chumvi ya mji huu, bati linaliwa kuanzia ndani kuja nje, na baada ya masika mawili puti inadondoka yenyewe. Mwenye gari anadhani rangi ilikuwa mbovu.

Mwenye gereji yetu tulimwita Mzee tangu akiwa hana mvi. Kazi alijifunzia kwa Singasinga mmoja kabla ya Uhuru, na alitoka kwake na mambo mawili: uwezo wa kugombana kwa Kihindi na wauza vyuma, na tabia ya kutotupa kitu. Chini yake alikuwepo fundi rangi, mtu hodari na mwenye haraka, aliyelipwa kwa gari na si kwa siku. Halafu mimi.

Mwenye gari ninalolikumbuka alikuwa mkunga. Jina lake silitaji. Watoto aliowazalisha ni watu wazima sasa na baadhi yao wanasoma magazeti. Gari lake lilikuwa la mwaka 1965, rangi ya samawati, alilonunua kwa daktari wa Kijerumani aliyekuwa anarudi kwao. Alikuja asubuhi akitoka zamu ya usiku, bado yumo ndani ya sare, akaweka juu ya benchi letu kifurushi kilichofungwa kwa khanga.

"Shikamoo, Mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie."

Ndani mlikuwa na mikanda sita. Gereji nyingine mjini ilikuwa imempakia gari rangi miaka kadhaa nyuma, ikamrudishia mikanda mkononi na kumwambia asubiri klipu. Alisubiri. Alikuwa ameilaza chini ya kitanda muda wote huo. Mmoja ulikuwa umekunjika katikati, na mitatu ilikuwa na alama za bisibisi.

Mzee aliihesabu. "Wa saba uko wapi, Mama?"

"Hawakunirudishia. Wa mbele, kushoto."

Fundi rangi alikuwa amesogea. Alimweleza kwa adabu kwamba mikanda imepitwa na wakati, kwamba magari mapya yanakuja bila mapambo mengi, na kwamba yeye angeziba matundu yale kwa puti, akasugua, akapuliza, gari likawa laini hata inzi ateleze. Kwa bei nafuu na kwa muda mfupi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba," alimwambia, "mtoto akizaliwa na vidole kumi siwezi kumkabidhi mama yake tisa nikamwambia vinatosha. Nilinunua gari lina mikanda saba."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nasema wazi kwamba fundi rangi hakuwa mvivu wala mwongo. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa mtu anayelipwa kwa gari: kurudisha mikanda kunakula muda mwingi kuliko kupuliza, na hakuna anayekulipa sawasawa na muda huo. Hata leo ni hivyo.

Mzee alitoa uamuzi wake kuhusu matundu, na sijasikia bora kuliko huo. Tundu lina njia mbili: ama lichomelewe kwa chuma, ama lifunguliwe, lisafishwe na litumike. Puti si njia ya tatu. Kuchomelea alikukataa kwa sababu bati la ubavu ni jembamba na pana, moto ukilipata linajikunja mawimbi, na mawimbi hayo yanahitaji puti nyingine kuyaficha. Basi matundu yafunguliwe yote.

Kuyafungua kulikuwa kazi yangu, maana nilikuwa mwembamba. Ukitazama nje huoni kitu, rangi imefunika. Lakini ndani, ukishavua kadibodi ya mlango na ile ya pembeni mwa siti ya nyuma, ukaingiza taa ya waya, unaona mstari wa vichuguu vya puti iliyopenya. Nilivitoboa kimoja kimoja kutoka ndani kwa msumari uliochongwa. Kwa upande wa mbele ilibidi nijikunje ndani ya boneti, pembeni mwa tangi la petroli, ambalo kwenye gari hili limekaa mbele, na Mzee alikagua mwenyewe kwamba taa yangu haina waya uliochubuka kabla hajaniruhusu kuingia. Baadhi ya matundu yalikuwa bado mazima na duara lake limetimia. Mengine yalikuwa yameliwa yakawa makubwa, klipu ingepita na kutumbukia. Hayo makubwa Mzee aliyawekea kiraka cha bati kwa nyuma, akakibana kwa riveti bapa, kisha akatoboa tundu jipya kwa kufuata mkanda wenyewe kama kigezo.

Kila ukingo wa tundu ulikwanguliwa kutu na kupakwa praima nyekundu. Brashi haikuingia vizuri, basi tulitumia unyoya wa kuku: unauchovya, unaupitisha kwenye tundu, unauzungusha. Nimeona watu wakinunua vifaa vya bei kubwa kwa kazi hiyo na kufanya vibaya zaidi.

Kabla ya mkanda wowote kusogezwa karibu na gari, Mzee alifungua mlango wa dereva, akaushika kwa chini na kuunyanyua. Ulicheza. Pini za bawaba zilikuwa zimelika, mlango umeinama kwa nyuma, na mstari wa bodi uliokuwa ukipita sawasawa kutoka mbele hadi nyuma ulikuwa umevunjika pale. Mlango ukiwa umeinama, ukafunga mkanda sawa na bodi ya mlango, utaonekana umepinda. Ukiufunga sawa na mikanda ya jirani, basi utakuwa umepinda kweli. Tulipeleka vipimo kwa mtu wa mashine ya kukereza, akatutolea pini nene kidogo, mlango ukapanda mahali pake. Mama alikuwa ameleta gari kwa ajili ya mikanda na akajikuta mlango unafungwa kwa kidole kimoja. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyotuonyesha.

Klipu ndiyo ilikuwa hadithi. Klipu ya asili ni kipande kidogo cha chuma chenye springi: kibao kinachoshika kingo za ndani za mkanda, na miguu miwili inayobanwa, ikapenya tunduni, kisha ikajitanua nyuma ya bati. Mzee alijaribu kwanza bati la kopo la maziwa. Lilikunjika vizuri, likapenya vizuri, na likabaki limebanwa hivyohivyo, maana bati la kopo halina springi. Ukivuta mkanda unatoka nao. Alijaribu waya wa mwavuli, ukawa mgumu mno, ungechubua rangi. Mwishowe alikwenda upande wa bandarini akarudi na rundo la tepe za chuma, zile za kufungia marobota ya katani. Chuma kile kilikuwa chembamba, kina springi ya kiasi, na kilikuwa kinatupwa.

Alichonga kigezo kutoka kwenye kipande cha spana iliyovunjika. Tepe ilikatwa kwa mkasi wa bati, ikakunjwa juu ya kigezo kwa nyundo ndogo, ikapigwa tupa kwenye kingo zote zisibaki na meno. Mimi nilipiga tupa mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha kila klipu ilichovywa kwenye rangi na kutundikwa kwenye uzi ikauke. Niliuliza kwa nini tunapaka rangi kitu ambacho hakitaonekana. Mzee alichukua mkanda mmoja wa Mama, akaugeuza. Upande wa ndani, kila mahali ilipokuwa imekaa klipu ya zamani, palikuwa na unga mweupe na aluminiamu imechimbika. Alinieleza kwamba chuma na aluminiamu vikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma maelezo ya kitabuni ya jambo hilohilo na sikukuta kitu cha kuongeza.

Chini ya kila klipu iliwekwa washa ya mpira, iliyokatwa kutoka kwenye tyubu ya tairi, izibe tundu maji yasipite. Klipu ya kiwandani nayo ilikuwa na raba yake. Mafundi wengi waliitupa raba hiyo wakidhani ni ya kuzuia kelele tu.

Mikanda yenyewe sisi tuliiita ya nikeli, ingawa bampa ndiyo iliyokuwa ya chuma kilichochovywa. Mikanda ilikuwa aluminiamu iliyopitishwa kwenye bafu la asidi na umeme huko kiwandani mpaka ikaota ngozi ngumu, angavu, isiyochafuka upesi. Ngozi hiyo ndiyo inayoizuia isififie. Gereji ile ya kwanza ilikuwa imeisugua kwa msasa ili kuondoa rangi iliyorukia, ngozi ikachubuka hapa na pale, ikabaki na mabaka. Ukiwa na mabaka huna namna ya kuyapaka. Ama unayaacha, ama unaivua ngozi yote.

Kuivua kunahitaji soda ya kostiki. Na mwaka 1981 soda ya kostiki ilikuwa mali, kwa sababu sabuni ilikuwa haipatikani madukani na watu walikuwa wanapika sabuni zao nyumbani. Mama aliipata kwa jirani yake mpika sabuni, kikombe kimoja, na hatukuuliza kwa bei gani. Mzee alikoroga mwenyewe nje ya gereji, upande unaopeleka moshi mbali na watu, sote tukiwa tumefunga vitambaa usoni. Mkanda unatumbukizwa, unatoa mapovu, unakuwa wa kijivu. Ukichelewa kuutoa, soda inaendelea kula aluminiamu yenyewe. Mzee alisimama na ndoo ya maji tayari. Baada ya hapo ni msasa wa maji ulio laini kabisa, halafu Brasso, halafu kitambaa, halafu kitambaa tena. Ulipokwisha uling'aa kuliko mpya, lakini Mzee hakumficha Mama: mkanda usio na ngozi utafifia kwa hewa ya bahari, utahitaji kufutwa na kupakwa nta mara kwa mara maisha yake yote. Mama alijibu kwamba amekuwa akifuta vyombo vya hospitali tangu akiwa msichana.

Ule uliokunjika ulilazwa kifudifudi juu ya gogo la mninga ambalo Mzee alilichonga mfereji wenye umbo la mkanda, ukagongwa kutoka ndani kwa nyundo ya mti. Mkunjo wa aluminiamu haufutiki wote. Ukisimama upande wa jua la jioni ungeuona. Mzee aliuweka mkanda huo ubavu wa abiria.

Wa saba tuliutafuta kwenye kila Volkswagen mbovu tuliyoisikia. Tulipata wa kwanza upesi sana, nikarudi nimeubeba begani kwa furaha. Mzee akauweka juu ya mwenzake: ulikuwa mwembamba. Kuanzia modeli ya 1967 kiwanda kilipunguza upana wa mikanda na matundu yake yakawa madogo. Kwa mbali huoni tofauti. Ukiufunga mwembamba mbele na mpana mlangoni, mtoto mdogo ataona. Wapo waliofunga hivyo na magari yao yalitembea mjini bila aibu.

Ule uliotufaa ulikuwa kwenye gari lililolala shambani, njia ya Bagamoyo, kuku wakitaga ndani yake. Mwenyewe alikataa pesa. Pesa zilikuwepo nchini wakati ule. Kilichokosekana ni cha kununua. Alitaka sukari na sabuni. Mama alituma sukari kilo mbili na mche wa sabuni, mzee yule akatuachia mkanda wa mbele kushoto na akatuongezea wa boneti bila malipo. Nilipoung'oa nilitumia kipande cha mwanzi kilichochongwa na kufungwa kitambaa, nikianzia mwishoni mwa mkanda na si katikati, kama nilivyoagizwa. Ukianzia katikati umeshaupinda kabla haujatoka.

Halafu ukaja ugomvi mkubwa kuliko wote. Bodi ilikuwa imefika kwenye praima, fundi rangi amejaza bunduki yake, na Mzee akasema: fungeni mikanda yote saba. Fundi rangi alidhani hakusikia vizuri. Ifungwe, halafu ing'olewe, halafu bodi ipulizwe rangi, halafu mikanda ifungwe tena? Ndiyo. Siku nzima ilipotea kwa jambo hilo na fundi rangi hakuzungumza na mtu. Lakini ni siku hiyo tuligundua kwamba kiraka kimoja cha nyuma kilikuwa kimesogea chini kidogo tu, na mkanda ulipofika pale ulichomoza tumbo. Tungegundua hilo juu ya rangi mpya, tungetoboa rangi mpya. Tuligundua pia kwamba mkanda wa mlango ukikaribiana mno na wa mbele, mlango ukifunguliwa ncha yake inaingia ndani na kukwaruza mwenzake. Nafasi ilipimwa kwa kipande cha kadibodi na alama zikawekwa kwa penseli.

Rangi ilikuwa ya selulosi, inayokauka upesi kwa kugusa, lakini kukauka kwa kugusa si kukauka. Mzee aliliacha gari lisimame. Mama alikuwa anakwenda kazini kwa basi la UDA na hakulalamika, ingawa kila aliyepanda UDA miaka ile anajua alichokuwa anakivumilia.

Siku ya kufunga, nyundo ziliwekwa kabatini. Karatasi ya gundi ilibandikwa kwenye bodi, juu na chini ya mstari, kulinda rangi. Klipu zilitangulia kwenye matundu, kila moja na washa yake ya tyubu na grisi kidogo. Tulianza na mlango, kwa sababu mlango ndio unaotembea na mikanda mingine lazima iufuate. Ukingo wa juu wa mkanda unanaswa kwanza kwenye klipu zote, kisha ukingo wa chini unasukumwa kwa ubavu wa kiganja, pole pole, kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Klipu ikishika unasikia mlio mdogo na kiganja kinaambiwa. Mkanda wa nyuma ulisumbua, kwa sababu unafuata mviringo wa bodi. Mzee alikuwa ameupinda kwa magoti kidogo zaidi ya mviringo wenyewe, ili ncha zake zilale zikiwa zimebana na zisije zikainuka. Hilo silioni likifanywa siku hizi, ndiyo maana naona ncha nyingi zimeinuka na zinakamata nguo za watu.

Kazi ilipokwisha kila mmoja wetu alichuchumaa mbele ya taa na kutazama ubavu kwa jicho moja. Fundi rangi alichuchumaa wa mwisho. "Imetulia," alisema, na kwa mtu yule hilo lilikuwa neno refu.

Mama alipokuja hakutazama kwa mbali. Alipitisha ukucha wake kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma, akasimama pale mlango unapokutana na bodi, akaufungua na kuufunga. Akauliza deni lake, akatoa sehemu, nyingine akalipa kutoka kwenye mishahara miwili iliyofuata. Akasema kesho ana zamu ya usiku, akaondoka.

Klipu zilizobaki Mzee aliziweka kwenye kopo. Machi 1983 vita dhidi ya wahujumu uchumi vilipoanza chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, watu walitupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Ukaguzi ulipopita mtaani kwetu, mkaguzi mmoja alilitikisa kopo lile na kuuliza ni spea za gari gani zimefichwa. Mzee alimwonyesha tepe ambayo haijakatwa na kumwambia akitaka zaidi aende kwenye marobota ya katani. Walicheka, wakatuachia. Wenzetu wengine hawakucheka siku zile.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na magari ya Kijapani yakaanza kumiminika. Mikanda yake ilikuwa ya plastiki, imebandikwa kwa tepe ya gundi, haina tundu hata moja. Kwa bati, huo ni ufumbuzi bora, nakiri bila kinyongo. Kazi ya klipu ikafa. Mama aliendesha Volkswagen yake mpaka akastaafu, akaiuza kwa mtu wa Morogoro. Mexico nao waliacha kuziunda mwaka 2003, zikiwa zimefika zaidi ya milioni 21 duniani.

Sasa naona vijana wanazifufua, na baadhi wananifuata. Klipu siku hizi wanaziagiza kwa simu, na nyingine ni nene kiasi kwamba zinaupasua mkanda. Wapo wanaobandika mikanda kwa silikoni. Silikoni inashika vizuri mwaka wa kwanza, halafu inafungia maji chini yake, na ukitaka kuing'oa inakuja na rangi. Kwao nina maneno machache: tengenezeni bawaba kwanza, fungeni mikanda kabla ya rangi, na tyubu kuukuu bado ipo bure kwa kila fundi tairi.

Kwa ninyi wengine ninalo ombi. Mikanda ya asili ya kabla ya modeli ya 1967 haitoki tena kiwandani, na kila wiki mikokoteni ya wanunuzi wa chuma chakavu inapita mitaani ikinunua aluminiamu kwa kilo, ikayeyushwe kuwa sufuria. Mkanda mmoja hauna uzito wa kukupatia hata nauli ya daladala. Kama kuna uliolala stoo kwa baba yako au kwa babu, usiutoe kwa kilo. Uliza gereji yoyote ya magari ya zamani. Kuna mtu ana sita na anautafuta wa saba.